Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza kwa Wazazi na Walezi

Ndugu wazazi na walezi,

Habari za majukumu. Leo tunafunga muhula wa kwanza salama, na ninaomba barua hii isomwe nyumbani hadi mwisho, kwa kuwa jambo lililomo, yaani namna mtoto anavyolikabili kosa lake, linawahusu ninyi kama linavyotuhusu sisi walimu.

Mliofika siku ya maonesho ya kazi za wanafunzi mlimwona binti wa Darasa la Tano aliyesimama karibu na stoo akiwa na chupa ya maji ya plastiki. Aliikata shingo, akaigeuza na kuitumbukiza ndani ya chupa kama faneli, kisha akabandika rula ubavuni. Kwa chombo hicho alipima mvua za masika kila siku saa 3 asubuhi, saa ileile ambayo vituo vya hali ya hewa hupima. Mgeni rasmi alipolifungua daftari lake alikuta vipimo vya mwanzo vimekatwa kwa mstari mmoja bila kufutwa, na pembeni ameandika: "Kitako cha chupa hakiko sawa, kwa hiyo namba hizi si sahihi." Akaweka kokoto chini, akajaza maji mpaka kwenye sifuri ya rula, akaanza upya. Siku aliyougua aliandika "sikupima", hakubuni namba. Kisha akatueleza kwamba milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji, hivyo mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 50 huleta lita 500, na akauliza kwa nini shule inayaacha maji hayo yaende mtaroni. Kamati ya shule sasa inatafuta mabomba ya kuyakinga.

Binti huyo hakushika nafasi ya kwanza darasani. Hata hivyo, nasema bila kusita kwamba ule mstari uliokata namba zisizo sahihi ndio uliotupa walimu fahari kubwa kuliko yote muhula huu. Bibi anayemlea alituambia kwamba kila jioni humuuliza leo amekosea wapi na amesahihisha vipi, ndipo amtume dukani.

Darasa la Pili wanaendelea vizuri katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na walimu wao wanastahili pongezi.

Sasa nalisema lililotuumiza. Katika mtihani wa Hisabati wa Darasa la Sita, mwalimu msimamizi aliwakuta baadhi ya watahiniwa na majibu yaliyoandikwa ndani ya mikono ya sweta, na majibu hayo yalifuata mpangilio wa maswali yetu. Tulipouliza tulielezwa kwamba karatasi ilipatikana nje ya shule na kwamba fedha za kuinunua zilitoka nyumbani. Tuliufuta mtihani, tukatunga mwingine. Siku iliyofuata walikuja ofisini wazazi, si kuomba radhi, bali kulalamika kwamba watoto wao wamedhalilishwa na kwamba alama za awali zirudishwe. Ndugu zangu, alama hizo zilikuwa za nani? Mzazi anayemnunulia mtoto majibu amemwambia waziwazi kwamba hamwamini anaweza kujifunza, na mtoto huyo akifika kwenye swali asilolijua hatajaribu. Atatafuta wa kumwibia majibu. Waliovujisha karatasi hiyo tunashughulika nao kwa taratibu za kazi. Watoto sitawafukuza, lakini kila mmoja atarudi muhula ujao na mzazi wake kabla ya kuingia darasani.

Mbegu ya jambo hili hupandwa mapema, mara nyingi kwa nia njema. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa umri wa Darasa la Tano. Baada ya kufanya vizuri, baadhi walisifiwa kwa akili zao na wengine kwa bidii yao. Walipopewa maswali magumu wakashindwa, waliosifiwa akili walikata tamaa upesi na kufanya vibaya zaidi baadaye, na wengi zaidi miongoni mwao walidanganya kuhusu alama walizopata. Mtoto aliyezoea kuitwa "kichwa" huliona kosa kama aibu ya kufichwa. Naye anayeambiwa mbele ya wenzake kwamba hana akili kama kaka yake, kama tulivyosikia hapa uwanjani siku ya ripoti, hujifunza hofu hiyohiyo.

Kwa hiyo likizo hii, kabla ya kuuliza mtoto amekuwa wa ngapi, fungueni madaftari yake mtafute masahihisho. Mwambieni achague swali alilokosa, alifanye upya mbele yenu na awaeleze alipoteleza, hata kama ninyi wenyewe hamlijui somo hilo. Kueleza kwake ndiko kujifunza. Akikwama, mwacheni afikiri. Kazi za nyumbani zinazorudi shuleni na mwandiko wa mtu mzima tutazirudisha bila kusahihishwa, maana mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, unapima umahiri wa mtoto, si wa mjomba wake.

Utoro wa siku za gulio haukubaliki. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimu mtoto kuhudhuria shule, na anayekosa somo la Jumatano hawezi kusahihisha kosa la Alhamisi. Kuhusu chakula, elimu bila ada iliyoanza 2016 haikuondoa uji tuliokubaliana wenyewe kwenye kikao. Baadhi yenu hamjatoa hata kilo moja ya mahindi, huku watoto wenu wakinywa cha wenzao. Leteni mahindi hayo kabla ya wiki ya kwanza ya muhula kwisha.

Sare zishonwe mapema. Tarehe ya kufungua imo kwenye ripoti, na siku hiyo kila mtoto aje na daftari la Hisabati lenye masahihisho ya likizo, likiwa limesainiwa na mzazi aliyeketi naye.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu