Mjomba, nimeziona nyayo za mjusi

Pueblo, Colorado
Marekani

Mjomba,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima, wasiwasi wangu ni kwenu huko Lindi, hasa goti la Bibi. Najua barua hii utamsomea kibarazani, kwa hiyo na yeye nampa shikamoo yake hapahapa, asije akasema nimemsahau.

Jumamosi iliyopita nimetembea kilomita 18 kwa mguu, juani, kwa hiari yangu. Sikufuata maji, sikufuata kuni. Nilipomweleza Mama kwa simu aliniuliza nani kafariki. Hakuna msiba, ni wenzangu wawili wa kazini walionishawishi, maana huku mtu akipata siku ya mapumziko anakwenda kujichosha.

Tulikwenda kuona nyayo za mjusi, yaani dinosaria. Mjusi yuleyule uliyetuchorea ubaoni darasa la tano, shingo ikavuka ubao ikaishia ukutani, ukagombezwa kwa kuchafua rangi.

Mahali penyewe ni bonde la mto Purgatoire, kusini-mashariki mwa jimbo hili. Jina ni la Kifaransa, maana yake toharani. Walowezi waliokuja baadaye likawashinda kulitamka, wakasema Picketwire, na bonde likabaki na jina hilo. (Usicheke. Mto wetu Mbwemkuru nao nimeukuta kwenye maandishi ya wageni umekuwa Mbemkuru.) Unateremka genge la mawe, halafu njia inalala tambarare kando ya mto, mipungate huku na huku, kivuli hakuna. Maji ya kunywa unabeba mwenyewe. Tulionywa pia kuhusu nyoka anayetikisa mkia kama kayamba. Sikumwona wala sikumtafuta. Tulipita magofu ya kanisa na makaburi ya watu wenye asili ya Meksiko waliowahi kulima humo. Nikawasalimia makaburini kama tunavyofanya kwetu, wenzangu wakanitazama.

Basi tukafika. Mwamba umelala ukingoni mwa mto kama sakafu ya saruji iliyomwagwa na fundi asiye na haraka, na juu yake nyayo, nyayo, nyayo. Zimehesabiwa zaidi ya 1,300, katika misururu kama 100. Miaka milioni 150 iliyopita hapo palikuwa ufukwe wa ziwa. Kuna mahali watano wa wale wenye shingo ndefu, wadogo bado, walipita sambamba kama wanafunzi watokao shule. Na zipo nyayo za vidole vitatu, kama za kuku, ila kuku huyo alikuwa mla nyama na unyayo wake ulinimeza kiatu.

Nilichuchumaa kwenye mmoja wa zile kubwa. Upana wake kama beseni la kufulia. Pembeni tope lilipandishwa na uzito wa mguu likafanya mdomo, na mdomo huo upo hadi leo, nimeushika, ni jiwe. Ndani mlikuwa na maji ya mvua ya juzi na vidudu vinaogelea. Unakumbuka tembo walivyopita kwenye mpunga wa Shangazi, asubuhi tukakuta mashimo yamejaa maji na vyura? Vilevile kabisa, Mjomba. Nilitazamia kushangaa, badala yake nikakumbuka nyumbani. Nikakaa hapo nikala korosho alizonifungia Mama, nikawagawia na wenzangu.

Zipo nyingine ng'ambo, inabidi kuvuka mto. Nikavuka. Katikati tope likanivua kiatu cha kushoto, nikakichimbua kwa mikono hadi kwenye viwiko. Njia nzima ya kurudi kilikuwa kinalia chwaa, chwaa.

Sasa kilichonifanya niandike badala ya kupiga simu. Miamba ile na ya Tendaguru, huko kwetu Lindi alikochimbwa mjusi wetu, ni ya zama moja. Hata jina la kwanza la mjusi wetu lilitoka huku: mifupa ilichimbwa Colorado mwaka 1900, mwaka 1903 mnyama akaitwa Brachiosaurus, na Mjerumani Werner Janensch mwaka 1914 akamwingiza wa kwetu katika jina hilohilo. Baadaye sana wataalamu wakaona hawa si wa tumbo moja, labda binamu, na wa kwetu sasa anaitwa Giraffatitan.

Huyo yuko Berlin, amesimamishwa tangu 1937, kimo chake mita 13.27. Suala la kumrudisha limeshaulizwa hadi bungeni na wenye kudai waendelee kudai. Mimi nilipokuwa nimekaa pale na korosho zangu nilimfikiria babu yake Bibi.

Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913. Majimaji ilikuwa imezimwa juzijuzi tu, mashamba yaliyochomwa hayajasahaulika. Mifupa zaidi ya tani 200 ikatoka porini juu ya vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku nne hivi hadi bandarini Lindi. Msimamizi Boheti bin Amrani jina lake limeandikwa vitabuni, na anastahili. Babu yetu, aliyekuwa mmoja wa wapagazi hao, hakuandikwa popote. Anacho kile kipara cha utosini tu, ambacho Bibi husema kililetwa na mawe ya Mzungu, na sisi tukiwa watoto tulikuwa tunacheka.

Mjusi alikatiza topeni mara moja tu, pengine akifuata maji, na leo watu wanashuka bonde zima kumfuata. Babu aliikanyaga njia ile mara ngapi? Mimi niliyekulia Lindi siwezi kuonyesha hata kijiji kimoja alichopitia. Tendaguru kwenyewe sijawahi kufika! Wenzangu waliniuliza kukoje, nikawajibu kuna nyasi ndefu. Nilibahatisha.

Kwa hiyo nakuomba. Bibi akiwa na nafasi, kaa naye na daftari. Muulize wapagazi walilala wapi usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu. Maji walichota wapi. Walikula nini njiani, ming'oko au chakula cha Wajerumani. Wakirudi kutoka Lindi walirudi mikono mitupu au na chumvi. Usimsahihishe akichanganya, andika tu anavyosema, ualimu weka pembeni. Kisha nenda Mipingo ukawaulize wazee wa kule kama njia ya zamani bado inajulikana.

Mimi nakuja Agosti, nyasi zikiwa zimekauka. Nataka tutoke Tendaguru hadi Lindi kwa mguu, wewe na mimi, siku nne au sita, tutakavyoweza. Na usiniambie habari za bodaboda. Hela ya daftari na nauli ya kwenda Mipingo nimeituma kwenye simu ya Mama, mwambie asiikate.

Wasalimie wote, na Shangazi.

Mpwa wako,
Zuhura

Tena: muulize Bibi ngata zao walizisokota kwa majani gani.