Kambi za meno zije na vyuma vya kukwangua, si koleo tu

Mhariri,

Kambi ya madaktari wa meno ikitangazwa huku kwetu Urambo, watu hupanga foleni tangu alfajiri na wengi hurudi nyumbani wameng'ata pamba. Kambi ya mwisho niliyokwenda nilimuuliza kijana aliyekuwa akiandikisha majina kama wanasafisha pia. Akanijibu, "Mama, leo tunang'oa tu."

Sina ugomvi na kung'oa. Jino likishakufa, litoke. Lakini wenzangu wa rika langu wanang'olewa meno mazima, hayana hata tundu, kwa sababu yamelegea. Hapo ugonjwa hauko kwenye jino, uko kwenye fizi.

Mimi nimechambua tumbaku tangu usichana wangu, na mume wangu, Baba Kulwa, anaivuta. Alikuwa akijisifu kwamba mimi nikipiga mswaki natema damu, yeye hatemi. Daktari wa meno mjini Tabora ndiye aliyemkata ngebe. Alisema nikotini hubana mishipa midogo ya damu, hivyo fizi za mvutaji huweza kuugua sana bila kutoa damu. Kisha akachukua chuma chembamba chenye alama, akakipenyeza kati ya jino na ufizi. Kwenye ufizi mzima huingia milimita 1 hadi 3. Kwa Baba Kulwa kilizama 6, na magego ya nyuma 7. Mimi mtema damu nilikutwa na uvimbe wa fizi tu, ambao hupona meno yakisafishwa na mswaki ukifuatwa vizuri. Wake ulikuwa umeshakula mfupa unaoshikilia meno, na mfupa huo ukishaliwa haurudi kwa kusafisha. Kinachookolewa ni uliobaki.

Alichomwa ganzi upande mmoja, akakwanguliwa ugaga mpaka chini ya ufizi, kwenye mizizi. Upande wa pili ukafanywa siku nyingine. Ugaga ni ule ukoga wa vijidudu uliogandishwa na madini ya mate. Ukishakuwa mgumu mswaki hauutoi. Mkaa na mchanga, ambavyo bado naona watu wakisugulia, navyo hula jino lenyewe.

Baada ya wiki kadhaa fizi zilinywea, meno yakaonekana marefu, mianya ikatokea, na maji ya baridi yakawa yanampiga. Baba Kulwa akadai ameharibiwa. Nadhani ndipo watu wanapopata ule usemi kwamba kusafisha kunalegeza meno. Mianya ilikuwepo zamani, ila uvimbe na ugaga vilikuwa vimeiziba. (Sigara bado anavuta, ingawa kapunguza. Hilo ni langu na yeye.)

Wenye kisukari nao wasisahauliwe. Sukari ikiwa juu fizi huharibika upesi, na fizi zenye usaha huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Mdogo wangu anahudhuria kliniki ya kisukari kila mara, na hajawahi kuambiwa afungue kinywa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi, kwa hiyo si jambo la Urambo peke yake. Lakini huku mkoani kwetu, penye tumbaku mpaka kwenye vyumba vya kulala, nisingetarajia kambi ije na koleo tu.

Najua kusafisha kunachukua muda kuliko kung'oa, na mashine inataka umeme. Ila vipo vyuma vya mkono visivyohitaji umeme. Kwa hiyo naomba kupitia gazeti lako: wanaoandaa Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, tarehe 20 Machi, waseme kwenye tangazo kama kusafisha kutakuwepo au la, ili mtu asipoteze nauli. Na msimu wa masoko ya tumbaku waje kwenye vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, maana siku hizo wavutaji wote tunao hapo, na hela wanayo.

Mama Kulwa,
Urambo, Tabora