Risala ya Wanachama wa Tawi la Chama cha Wahandisi kwa Mgeni Rasmi katika Mkutano Mkuu wa Mwaka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Tawi,
Wahandisi, mafundi sanifu na wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanachama wenzetu tunakukaribisha kwa mikono miwili, na tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu wakati tunajua una miradi inayokusubiri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, taarifa kamili ya mwaka pamoja na mahesabu imo kwenye kabrasha lililo mbele yako. Hatutaisoma hapa ukurasa kwa ukurasa. Tutaeleza machache tuliyoyafanya, yaliyotukwama, kisha tutafikisha maombi yetu, maana risala isiyo na maombi bado haijaandikwa.

Mwanzoni mwa mwaka Kamati iliamua kwamba mihadhara ya kila mwezi izunguke swali moja: kazi ya mhandisi inakaguliwa na nani? Baadhi yetu tulinung'unika. Tulizoea mihadhara ya programu mpya za usanifu na mitambo ya kisasa, na ukaguzi ulionekana kuwa somo la watu wanaokaribia kustaafu. Manung'uniko hayo yalikwisha kwenye muhadhara wa tatu.

Muhadhara huo ulihusu ajali ya Julai 17, 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani. Jioni hiyo watu wakiwa kwenye dansi, vivuko viwili vya waenda kwa miguu vilivyoning'inizwa juu ya ukumbi vilianguka, na watu 114 wakapoteza maisha. Mchoro wa awali ulitaka fimbo moja ndefu ya chuma iteremke kutoka darini, ipite kwenye kivuko cha juu na kufika hadi cha chini. Baadaye fimbo hiyo ikagawanywa mbili: ya kwanza ikashika kivuko cha juu, ya pili ikaning'inia kutoka kwenye kivuko hicho na kubeba cha chini. Ukiitazama michoro hiyo miwili harakaharaka, unaweza usione tofauti.

Fundi sanifu wetu mmoja alitengeneza kielelezo kwa vipande vya mbao laini, fimbo nyembamba na nati, akavipachika mezani na kuanza kuongeza vifuko vya mchanga. Akasema: watu wawili wakining'inia kwenye kamba moja, kila mmoja hubebwa na mikono yake, wa chini akiachia kamba akashika miguu ya mwenzake, mikono ya juu inabeba wote wawili. Kielelezo cha fimbo moja kilistahimili. Cha fimbo mbili, kwa mzigo uleule, mbao ilipasuka chini ya nati ya kivuko cha juu na nati ikapenya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Kansas City: mzigo kwenye nati hiyo ulikuwa umeongezeka maradufu. Uchunguzi ulionyesha kuwa hata mchoro wa awali ulikuwa na takriban asilimia 60 tu ya uwezo uliotakiwa na kanuni za ujenzi. Michoro ya karakana, ile inayofuatwa na watengenezaji wa vyuma, ilikuwa imegongwa muhuri wa mhandisi, lakini hesabu ya kiungo kile cha fimbo na kivuko cha juu haikuwa imefanywa.

Mwanachama wetu mmoja mkongwe alisimama akauliza kama kuna yeyote ukumbini ambaye hajawahi kugonga muhuri kwa haraka. Mjadala uliofuata ulivuka muda, mpaka mlinzi akaja na funguo zake mkononi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo la pili ni siku ya zege. Wanafunzi wetu wengi hufika mwaka wa mwisho wakijua milinganyo ya nguvu ya zege bila kuwahi kushika koleo. Tulipata uwanja, saruji, mchanga na kokoto, tukawagawa katika makundi. Kila kundi lilijaza zege kwenye koni ya slampu, yaani ya kupimia wepesi wa zege kwa kuona linashuka kiasi gani koni ikiinuliwa, yenye kimo cha milimita 300 kwa matabaka matatu, kila tabaka likashindiliwa mara 25 kwa fimbo, nao wakihesabu kwa sauti kama darasa la kwanza. Kundi moja tulilitegea: msaidizi aliwaongezea maji wasipoangalia. Koni ilipoinuliwa, zege la wenzao lilishuka kidogo na kusimama. La kwao lilitandaa chini kama uji. Walichekwa, ila wao ndio waliojifunza zaidi. Maji ya ziada hurahisisha kazi ya koleo, nayo yakishatoka huacha vitundu ndani ya zege. Kyubu zao, yaani vipande vya zege vya umbo la mchemraba, za milimita 150 zilipovunjwa kwa mashine baada ya siku 28, zilipasuka mapema kuliko za wenzao wote.

Kipimo hiki ni cha dakika chache, na vifaa vyake ni koni ya chuma na fimbo. Lakini kinampa kijana wa mafunzo kwa vitendo sababu ya kulirudisha gari zima la zege. Kama atathubutu kulirudisha mbele ya msimamizi anayemwandikia ripoti, hilo ni suala jingine, na ndilo tulilolijadili hadi jioni.

Siku ya Uhandisi Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2019 na huadhimishwa kila Machi 4, tulitembelea shule na kuendesha mashindano ya madaraja ya vijiti. Wanafunzi walifurahi. Kusema kweli, picha zilikuwa nyingi kuliko mafunzo, na mwakani tungependa kurudi kwenye shule zilezile badala ya kutafuta mpya.

Mheshimiwa, changamoto hazikukosekana. Wapo wanachama tunaowaona pale tu wanapohitaji barua ya kuthibitisha uanachama. Ada zao hulipwa asubuhi na barua wanaitaka mchana. Vikao vya jioni viliwafungia nje wenye watoto wadogo, hasa wanawake, hadi tulipovihamishia Jumamosi asubuhi. Lililotuumiza zaidi ni wahitimu wetu kukosa walezi wa kitaaluma. Kijana anapeleka daftari lake la kazi kwa mhandisi ambaye hajawahi kufika eneo la mradi, linasainiwa kurasa zote kwa kalamu moja, siku moja. Baada ya mwaka mzima wa kuzungumzia ukaguzi, hili hatuwezi kulifumbia macho.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu. Mwaka 1818 wahandisi vijana wachache walikutana kwenye mgahawa wa kahawa jijini London wakaanzisha chama cha wahandisi ujenzi. Hakikukua sana hadi mwaka 1820, walipomwomba Thomas Telford, mjenzi mashuhuri wa barabara, mifereji na madaraja, awe rais wao wa kwanza. Alikubali, na mwaka 1828 chama kikapata hati ya kifalme. Nasi tunakuomba uwe mlezi wa tawi letu. Hatuombi jina lako kwenye karatasi zetu za barua. Tunaomba angalau Jumamosi moja katika kila robo mwaka, uketi na wahitimu na michoro yao, uwaulize maswali magumu.

Tunakuomba pia utusemee ili wanafunzi wapate nafasi ya kudumu kwenye maabara yenye mashine ya kuvunjia kyubu, kwa kuwa mwaka huu tuliitumia kwa hisani. Na kwa wahandisi waandamizi mlioko ukumbini: fomu za kujitolea kulea wahitimu ziko kwa Katibu, meza ya karibu na mlango. Fomu ina sehemu ya kutaja eneo la mradi ambalo mlezi na kijana watalitembelea pamoja, na Katibu ameagizwa asipokee fomu ambayo sehemu hiyo iko wazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.