Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Kaunti ya Kilifi: Ruba, Vyura na Vidimbwi vya Arabuko-Sokoke

Mheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima, nakuandikia kutoka Malindi kuhusu viumbe wasiotajwa sana katika vikao vya serikali, ruba na vyura, nikiomba kwamba kila linapopangwa bwawa la kunyweshea mifugo kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pale litakapochimbwa pachunguzwe kwanza.

Msitu huu, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, una vidimbwi vinavyojaa wakati wa mvua na kukauka jua likizidi, na kukauka huko ndiko kunakowakinga vyura wanaotaga humo, kwa kuwa samaki hawadumu na ruba wengi hupendelea maji ya kudumu. Yumo hata chura mmoja asiyefikia urefu wa sentimita tatu, ambaye hutaga katika maji machache yaliyotuama kwenye shimo la mti, kombe la konokono au kifuu cha nazi. Natamani kila mtoto wa shule wa pwani amjue. Kidimbwi kikichimbwa kikawa bwawa, ruba hupata makao ya mwaka mzima. Wapo wanaokula mayai, wapo wanaowaganda viluwiluwi na kuwafyonza hadi wafe, na hata chura mzima hudhoofika, tena ruba wa aina fulani humwambukiza vimelea vya damu.

Ruba si adui, Mheshimiwa. Ni wenyeji wa maji haya, na panapokuwa na vyura tele hasara hiyo hufidiwa na mvua inayofuata. Hatari ni kwa aina zilizobaki mahali pachache, kama yule chura wa matete wa Shimba Hills, kule Kwale, aliye katika hatari ya kutoweka na asiyepatikana nchi nyingine yoyote.

Kwa sababu hiyo nakuomba pia uwazuie watu kumwaga mrututu, chumvi au chokaa majini ili kuua ruba. Ngozi ya chura hupitisha maji na hewa, kwa hiyo sumu hiyo humwingia moja kwa moja, na viluwiluwi hufa pamoja na ruba. Kupandikiza samaki nako si dawa, maana nao hula viluwiluwi.

Sipingi mabwawa, wafugaji wetu wanayahitaji, na yanaweza kuchimbwa mbali na vidimbwi vya asili. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 imekwisha kuweka utaratibu wa tathmini ya athari kwa mazingira. Ombi langu ni kwamba tathmini hiyo ifanywe msimu wa mvua, tena usiku, vyura wanapolia, kwa sababu mtaalamu atakayefika wakati wa kiangazi ataona shimo kavu tu na kuandika kwamba hapana kiumbe.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Malindi