Saruji inazimaliza nyumba za Mji wa Kale

Mhariri, asalaam aleikum na pole kwa kazi, naomba nafasi kidogo.

Kila siku tunaambiwa turathi turathi, na Fort Jesus kweli inatunzwa, ngome Wareno walianza kuijenga 1593 na mwaka 2011 ikaingia orodha ya UNESCO, watalii wanapiga selfi pale, sawa. Lakini ukitoka pale ukaingia vichochoro vya Kibokoni, mtaa wetu wa Mji wa Kale hapa Mombasa, hatua chache tu, hapo ndipo roho inaniuma.

Nyumba ya nyanya yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari ya boriti za mikoko. Miaka michache nyuma sisi wajukuu tukachanga pesa tukaleta fundi, tukidhani twafanya jambo la maana, akabandua chokaa yote ya ukumbini akapiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta juu yake, ikang'ara mpaka majirani wakaja kutazama. Masika ya pili ukuta ukavimba kama mahamri, ukigusa wamwagika unga mweupe, ukionja chumvi tupu (nilionja, msinicheke).

Mzee mmoja fundi wa zamani alipokuja aliangalia akaguna tu. Akasema jiwe la matumbawe lanyonya maji kutoka chini, chokaa huyaachia yatoke polepole, saruji huyafungia ndani, na yakikosa pa kutokea yanapanda juu mpaka kwenye boriti, ncha zikaoza. Na kweli boriti mbili tushazipima, kidole chaingia. Za kubadilisha utapata wapi na mikoko ya hori la Tudor hapa Mombasa imekatwa kwa kuni na makaa, yani nyumba na mikoko ni kitu kimoja ila sisi twavizungumza mbali mbali kama havijuani.

Sasa kaunti na watu wa makavazi, semina za hotelini zatosha. Wazee wanaojua kuchoma chokaa na kuilowesha ni wa kuhesabu, wapeni vijana wawafundishe, vijana wenyewe wako barazani hawana kazi. Na mtu akija kuomba ruhusa ya ukarabati aambiwe atumie nini, si kuambiwa tu usivunje usivunje.

Chumba cha nyuma hatukukigusa sababu pesa ziliisha. Mpaka leo kikavu. Na juzi kuna mtu kaja kuuliza bei ya mlango wa mbele, ule wa nakshi na mfaa wake (mti wa katikati), nyanya akamwambia akauze wa kwao.

Mjukuu wa Kibokoni,
Mombasa