Binti yangu amegoma kusimama mbele Juni 13. Nimuunge mkono?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mwanza, nauza vitenge na madera. Mtoto wa kati ni binti wa miaka 12, yuko darasa la sita, na ana ualbino. Kaka yake na mdogo wake ni weusi kama sisi wazazi wao. Hilo lilizua maneno ukweni mpaka daktari alipomweleza mume wangu kwamba vinasaba vya hali hiyo vimetoka kwetu sote wawili, na kwamba kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne. Hayo yalishaisha. Ninayokuandikia ni mengine.

Kila mwaka ikikaribia Juni 13, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, shuleni kwao huandaa ngonjera, na anayewekwa katikati ni binti yangu. Tangu akiwa mdogo kabisa ni yeye tu. Anavalishwa fulana yenye maandishi, anapewa kipaza sauti, anamlilia mgeni rasmi kwamba nasi ni watu, msituue. Watu wanafuta machozi. Mgeni rasmi anampa mkono, anakabidhi katoni la mafuta ya kujikinga na jua, picha zinapigwa, magari yanaondoka.

Mwalimu anayesimamia ni mtu mwema sana, hili nalisema bila unafiki. Ndiye aliyemhamishia dawati la mbele, na ndiye anayehakikisha karatasi yake ya mtihani imechapwa kwa maandishi makubwa, maana mwanangu ana uoni hafifu na miwani haikumaliza tatizo kama tulivyotegemea. Ndiyo maana naona haya kumkatalia.

Mwaka huu binti amegoma. Nilikuwa jikoni nachambua dagaa, yeye akachukua mwiko akaufanya kipaza sauti, akamwigizia kaka yake sherehe nzima. Kwanza akajiigiza mwenyewe, sauti ya kulia. Halafu akawa mgeni rasmi: akakohoa, akavuta suruali juu ya kitambi, "Watoto wetu hawa... ni wetu... tuwapende." Kaka yake alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Kisha akaweka mwiko mezani akasema, "Mama, mwaka huu sisemi. Wenzangu wanacheza ngoma, wanaimba kwaya, mimi kila mwaka naomba nisiuawe." Mdogo wake, wa miaka 5, akauliza ni nani anataka kumuua dada. Nikamtuma chumvi dukani.

Baba yao hataki kusikia habari za kugoma. Yeye alikulia huku huku Kanda ya Ziwa, na anaikumbuka miaka ile ya 2007 na 2008 watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya waganga wa ramli. Anasema kilichowaponza wengi ni kufichwa ndani mpaka jirani akaamini kweli kwamba hawa hawafi, hupotea. Mtoto aonekane, asikike, azoeleke. Kisha ananihesabia majina: Al-Shaymaa Kwegyir aliyeteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008, Salum Barwany aliyechaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini mwaka 2010, Dkt. Abdallah Possi aliyekuwa naibu waziri na baadaye balozi wetu Ujerumani. "Hawa walifika huko kwa kujificha?"

Namjibu kwamba Dkt. Possi alikuwa mhadhiri wa sheria. Aliitwa kwa alichosoma. Mwanangu anaitwa mbele kwa sababu ya ngozi yake, na siku nyingine zote za mwaka hakuna anayemwita kwa lolote, wakati hesabu za kichwa anawashinda darasa zima na kwenye rede jioni, jua likishapoa, hakuna wa kumkamata.

Tena kuna hofu ambayo sijamwambia vizuri hata mume wangu. Mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino alichukuliwa nyumbani kwao Muleba, Kagera, akauawa. Tulikuwa tumeanza kujiambia kwamba mambo yale yamepita. Tangu hapo binti haendi wala harudi shule bila kaka yake. Stendi vijana wakimwona bado wanaropoka "dili hilo", yaani viungo vyake ni pesa, wanaona ni utani. Sasa picha yake na jina la shule yake zinazagaa kwenye simu za watu nisiowajua. Baba yake anasema kuonekana ndiyo ulinzi. Sijui, Shangazi. Pengine tuko sahihi wote wawili, ndiyo maana hatumalizi.

Ningekuwa na hakika kwamba anagoma kwa sababu anajithamini, ningeshaenda kuongea na mwalimu. Lakini kuna hili. Wifi yangu ana saluni, na wakati wa likizo alimpaka piko kichwani na kumchora nyusi kwa wanja. Binti alirudi anang'aa, anajitazama kwenye kila kioo. Siku mbili baadaye ngozi ya kichwa ikamvimba, ikatoa maji, tukahangaika naye hospitali. Nilidhani amekoma. Wiki iliyopita nimemkuta anamuuliza wifi kwa simu kama kuna piko isiyowasha.

Na kofia ameanza kuiacha. Anaivaa hapa mlangoni, akifika kona anaikunja anaitia kwenye begi. Shati la mikono mirefu analikunja mpaka kwenye viwiko kwa kuwa sare ya wenzake ni mikono mifupi. Mafuta yale ya kujikinga na jua yanayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi, ambayo tukiyapata kliniki nayahifadhi kama dhahabu, anapaka asubuhi kwa kuwa nimesimama naye. Ya saa sita hapaki. Shingoni ameshaanza kupata vidoa vya jua. Nimewaona watu wazima wenye ualbino waliokula jua bila kinga utotoni, najua saratani ya ngozi inavyowafanya. Kwenye hilo siwezi kumpa uhuru wa kuchagua, na yeye ananiona mimi ndiye ninayemvalisha alama ya kumtenga.

Kwa hiyo nikimtazama nashindwa kuelewa: huyu anajikubali, au anajikimbia? Mtoto yule yule aliyesema kwa ujasiri kwamba hataki kuonewa huruma, ndiye anayetaka nywele nyeusi. Nikimuunga mkono asisimame, je, nitakuwa nimemfungulia mlango wa kujificha? Nikimlazimisha asimame, nitakuwa nimemfundisha kwamba kwake kuwa albino ni kuombewa tu.

Nimewaza kumwomba mwalimu ampe kazi nyingine siku hiyo. Awe mshereheshaji, au aandike mwenyewe anachotaka kusema, hata kama ni kichekesho cha mgeni rasmi (hapo nitapata kesi). Au acheze ngoma na wenzake, chini ya turubai. Lakini mwalimu anasema bila mtoto mwenye ualbino ngonjera haina uzito, na wafadhili hawaji kutazama ngoma.

Naomba unisaidie hasa kwenye mawili. Nimkatalieje mwalimu aliyetutendea wema bila kumvunja moyo? Na hili la piko na kofia, niliongee vipi na binti wa miaka 12 asione namchukia alivyo wala namtisha na kifo? Kama kuna wasomaji wenye ualbino waliopita umri huo, ningependa zaidi kusikia kutoka kwao: ni nani aliwafanya muivae kofia bila kuionea aibu, na alisema nini?

Mazoezi ya ngonjera yanaanza Jumatatu, na mwalimu anasubiri jibu langu.

Mama wa wa kati,
Mwanza