Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale: sakafu za Songo Mnara zipimwe kabla ya kusafishwa

Ndugu Mkurugenzi,

Ukarabati wa gofu huanza kwa usafi: kifusi kinazolewa, mizizi inakatwa, sakafu inafagiliwa mpaka chokaa ionekane. Kinachotupwa hapo ndicho tunachokuandikia. Tunaomba kibali chochote cha ukarabati Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu ya miji ya kale kwenye visiwa vya pwani ya kusini ya Tanzania, kiwe na sharti la kuchukua sampuli za udongo kwanza, na gharama yake iingie kwenye mkataba wenyewe.

Magofu haya yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981 na kutolewa kwenye orodha ya hatari mwaka 2014, kwa sababu ya kuta zake. Lakini kuta za matumbawe zinasimulia wenye uwezo tu. Songo Mnara, mji wa karne ya 14 hadi ya 16, upande wake wa magharibi ulionekana uwanja mtupu mpaka ulipopitishwa kipima sumaku. Palipochimbwa, zikapatikana nyumba za miti na udongo. Udongo uliopata moto hushika usumaku, tumbawe halishiki. Kwa kifaa hicho, kibanda kilichoungua huonekana vizuri kuliko jumba la mawe! Rada ya ardhini, kwa upande wake, haifai karibu na mikoko, kwani maji ya chumvi humeza mawimbi yake.

Ndani ya chumba, pigeni miraba ya mita 1 na kuchukua gramu 100 kwenye kila makutano, mwiko ukisafishwa kila mara. Chukueni pia sampuli tano au zaidi nje ya mji, kwenye udongo wa aina ileile. Bila hizo, fosforasi nyingi, kemikali inayoachwa na maisha ya watu, haina maana, maana hakuna cha kuilinganisha nacho. Fosforasi ya mifupa ya samaki, majivu na kinyesi hushikamana na kalsiamu, ndiyo maana mvua za miaka 600 hazijaimaliza. Kipima eksirei cha mkononi, kinachosoma kemikali za udongo, kisielekezwe kwenye udongo mbichi: unyevu hushusha vipimo. Ukaushwe, uchekechwe, ndipo upimwe.

Kazi ngumu zaidi ni bonge la udongo lisilovurugwa. Kisanduku cha bati kilicho wazi pande mbili, kama sentimita 8 kwa 6 kwa 5, hukandamizwa kwenye ukuta wa shimo, kikakatwa kwa kisu kuzunguka. Mshale wa juu na namba viandikwe kabla hakijatoka. Kikishatoka, hakuna atakayejua juu ni wapi, na sampuli inabaki mchanga wa kujengea. Mchanga unaomeguka ufungwe kwanza kwa bandeji ya plasta ya hospitali. Maabara hulikausha kwa nyuzi 40, hulijaza rezini, gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu, kisha hulikata na kulisaga hadi unene wa milimita 0.03. Bonge likiwa bado na unyevu, rezini haigandi sawasawa na kazi ya wiki kadhaa inapotea. Likifanikiwa, hadubini huonyesha sakafu ilisiribwa mara ngapi, na kati ya siribo moja na nyingine palikanyagwa, palipikiwa au palihamwa.

Kwenye umri, unaopimwa kwa kaboni iliyobaki ndani ya vitu, boriti za mikoko zisiaminiwe haraka, kwani huweza kutumika tena. Kombe hubeba kaboni ya bahari na huonekana kongwe kwa takriban miaka 400 lisiporekebishwa. Chokaa ambayo tumbawe lake halikuiva vizuri kwenye tanuu hubaki na kaboni ya zamani. Punje ya mtama iliyoungua inashinda zote, na ndiyo inayotoka na ufagio.

Maabara ya kemia ya miamba na udongo ipo hapo hapo Dodoma, kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini. Tunaomba makubaliano ya kudumu nayo, nusu ya kila sampuli ihifadhiwe nchini ikiwa kavu na yenye lebo, na theluthi moja ya kila sakafu isiguswe kabisa.

Wako katika kazi,
Wanaakiolojia na wanajiolojia wa magofu ya Pwani